Vijiko Viwili vya Asteria

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mzee Boaz, Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Wema, walimu na wafanyakazi wenzangu, wazazi mliotoka Kahama, mliotoka Bugarama, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka machimboni na vumbi bado liko kwenye viatu, wanafunzi, wanangu, na wewe Asteria, ambaye leo umeketishwa meza kuu kwenye kiti chenye kitambaa, kiti ambacho mimi kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa nikikifuta vumbi ili wakalie wengine: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nasema marahaba. Wasukuma wenzangu, mwadila.

Kwa wasionijua, naitwa Sesilia, Mama Bujiku, mpishi mkuu wa shule hii. Wanaonijua wanajua pia kwamba sijashika mwiko tangu mwezi wa tatu, na leo ni mwezi wa kumi, na kila mtu ana maelezo yake. Nitafika huko.

Nimepewa dakika kumi za kumsifu Asteria tunapomuaga, kwa sababu mimi ndiye niliyempokea. Mwalimu Wema aliponiita ofisini kuniambia, nilisema sawa, nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu. Wengine walidhani nimefiwa. Sikufiwa. Nilikuwa na wivu. Nasema kwa kipaza sauti ili hata waliokaa nyuma kabisa ya turubai wasikie: mimi Sesilia namwonea wivu huyu binti, nilianza siku aliyoingia getini, na hata sasa hivi nikiliangalia lile sanduku jipya mlilomnunulia na vile vitenge doti nne, wivu wangu haujapungua hata chembe.

Tangu asubuhi amesifiwa kwa mambo makubwa. Mwalimu wa nidhamu amemsifu, Mzee Boaz amemsifu, kwaya imemwimbia jina. Mimi nitamsifu kwa vijiko viwili.

Asteria alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita akitokea Nyahanga, pale Kahama mjini, ambako alikuwa mamantilie. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na begi moja. Jikoni tulikuwa watatu: mimi, Esta na Marwa. Nikamtazama nikajiuliza, mtu aliyekuwa akiwauzia wali madereva wa malori, atatufundisha nini sisi tunaolisha wasichana mia sita mara tatu kwa siku?

Sasa jiko letu lina desturi, na wanafunzi wanaijua. Mboga haishuki motoni, wala mtu hali, mpaka mpishi mkuu aonje. Anachota kwa mwiko, anaugusisha mwiko kiganjani, analamba, anafumba macho kidogo, halafu anasema "chumvi imekaa" au anasema "ongeza". Mwiko unarudi sufuriani. Desturi hiyo niliikuta. Mama aliyenitangulia alikuwa akionja vivyo hivyo, na siku ya kustaafu kwake, uwanjani hapahapa, alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Chumvi ya shule sasa iko kwenye kiganja hiki." Je, mnaelewa uzito wa maneno yale kwa mtu wa darasa la saba? Mwalimu ana cheti chake, muuguzi ana cheti chake. Mimi nilikuwa na kiganja.

Basi wiki ile ya kwanza nimeonja maharage, nimesema chumvi imekaa, mara binti huyu anasogea, kwa adabu kabisa, ananiambia anaomba anionyeshe kitu. Akatoa vijiko viwili mfukoni. Kimoja kilikuwa na uzi mwekundu kwenye mpini. Kisicho na uzi kinachota sufuriani na kumimina kwenye chenye uzi. Chenye uzi ndicho kinachokwenda mdomoni. Na havibadilishani kazi hata siku moja. Basi, hakuna zaidi. Ni jambo la nusu dakika, na angeweza kulielewa hata mtoto wa chekechea. Lakini mimi nilisikia jambo jingine. Nilisikia binti wa jana ananiambia mbele ya Esta na Marwa kwamba mkono wangu ni mchafu.

Nikamjibu kuwa moto unaua kila kitu. Nikamjibu kuwa kiganja hiki kimelea wauguzi, walimu na mhandisi mmoja. Marwa akacheka, na mimi nikafurahi kuchekewa. Asteria hakubishana. Alivifuta vijiko vyake, akavirudisha mfukoni mwa aproni.

Na hiyo aproni nayo, Mheshimiwa Diwani, ilinikera. Sisi aproni zetu nyeupe tulikuwa tunazitunza. Zilikaa stoo kwenye sanduku la bati, zimekunjwa pamoja na majani ya mwarobaini zisiliwe na wadudu, zikimsubiri afisa afya. Pikipiki yake ikionekana getini tunavaa, ikishaondoka tunavua. Asteria akawa anavaa ya kwake kila siku, inafubaa kwa moshi, anaifua, anaivaa tena. Nikamwuliza, ukiivaa kila siku, siku ya ukaguzi utavaa nini? Leo mnacheka, lakini wakati ule niliuliza kwa dhati kabisa, na Esta akatikisa kichwa kuniunga mkono.

Siku moja wasichana wa kidato cha nne walipita dirishani wakamwambia, "Dada Asteria, wewe unanukia sabuni." Mimi hawajawahi kuniambia nanukia chochote. Siku hiyohiyo jioni nilivichukua vile vijiko kwenye ndoano yake, nikavichomeka ndani kabisa ya rundo la kuni. Ndiyo, mpishi mkuu, mtu mzima, bibi wa wajukuu watano. Alivitafuta siku mbili, hakumwuliza mtu, hakumtilia shaka mtu. Siku ya tatu akaja na vingine vya kununua, kimoja amekifunga uzi mwekundu. Nilitamani angalau agombe.

Sasa nakuja kwenye jambo la aibu. Nimemwomba Esta ruhusa asubuhi, akasema, "Sema tu, Mama Bujiku, tumezeeka wote." Wazazi, sheria inataka kila mpishi apimwe kila baada ya miezi sita, choo chake kiende maabara, apewe kadi. Kadi zetu mmeziona. Tulizibandika ukutani jikoni kwa mstari, na kila siku ya wazazi mlikuwa mnazisifu. Kwa miaka mingi kadi zile zote zilitokana na choo cha Esta.

Naona Mheshimiwa ameinamisha uso. Acha niseme vizuri. Esta ana tumbo imara, halijamsumbua tangu utotoni. Tukaona kuna haja gani ya watu watatu kuhangaika? Alikuwa anagawa kwenye vikopo vitatu, tunaandika majina, Marwa anavipeleka, na vyote vinarudi na majibu mazuri. Wala hatukuona kwamba tunamdanganya mtu. Tuliona tunasaidiana, kama watu wanavyosaidiana kupalilia mashamba. Kadi ilikuwa ya afisa afya, kama zile aproni, na matumbo yalikuwa yetu wenyewe.

Asteria alikataa kikopo cha Esta. Mara ya kwanza alikwenda kimya kimya na cha kwake, na mara zilizofuata akafanya vilevile. Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda, akala michembe yangu ya viazi vitamu, ndipo akasema, "Mama, nakuomba safari hii kila mmoja aende na cha kwake." Nikakubali. Msinisifu. Nilikubali kwa wivu. Nilitaka nirudi na kadi safi, yangu mwenyewe, nimpitishie mbele ya uso wake nimwambie, unaona sasa?

Kadi haikuja. Ilikuja karatasi. Miwani niliisahau nyumbani, kwa hiyo akanisomea Asteria, tumesimama nje ya uzio wa kituo cha afya, pembeni ya mama anayekaanga mihogo. Nina vijidudu vya homa ya matumbo. Siumwi, sijawahi kuumwa, naweza kubeba gunia la mahindi hadi leo. Mtaalamu alikuwa ametueleza kwamba wapo watu wa namna hiyo, wanavibeba vijidudu miaka na miaka wao wakiwa wazima, na wanawapa wengine kwa mkono uliotoka chooni ukapitishwa tu kwenye maji. Na sisi jikoni tulikuwa tunanawa kwenye beseni moja, wote, kwa kufuatana, mkubwa kwanza, kama tulivyolelewa nyumbani. Na aliyetaka kumwagiwa maji yake peke yake tulimwona anajitenga. Nikamwambia yule mtaalamu kwamba moto unaua kila kitu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, kachumbari nayo mnaichemsha? Na mwiko wa kupakulia?"

Nilipewa dawa. Nikaambiwa nisiguse chakula cha watu mpaka choo changu, changu mimi, kirudi safi mara tatu. Asteria akaikunja ile karatasi mara nne, akaniwekea kiganjani, kiganja hikihiki, akasema: "Hii ni yako, Mama. Mimi sijaisoma."

Barua ya kituo cha afya ilipita mezani kwa Mwalimu Wema, kwa sababu ni lazima ipite, naye akafunga mdomo kama sheria ya siri za mgonjwa inavyotaka. Mimi nikahamishiwa kupokea kuni. Asteria akapewa mwiko. Watu wakaniuliza kulikoni, nikasema mgongo.

Ndugu zangu, mmewahi kukaa juu ya rundo la kuni mnasikiliza chakula cha mwenzenu kikisifiwa? Nimekaa pale miezi saba. Nimesikia sahani zikirudi kuomba makande ya pili. Nimesikia ugali ukipigwa, na kwa mlio tu nikajua hauna madonge, na nikaomba Mungu anisamehe kwa sababu nilitamani uwe nayo. Beseni liliondolewa, ikaja ndoo yenye koki na sabuni ya kipande inayoning'inia kwenye kamba, na Marwa, Marwa yuleyule aliyecheka, akawa ndiye anayewafukuza watu wasionawa. Kisha Matroni Mwanaima akaniletea daftari lake la wagonjwa, akidhani ananifurahisha. Mwaka jana, kila muhula, wasichana kumi, kumi na wawili, walilala kwa homa ya matumbo, na sisi tukalaumu maji ya lambo. Tangu mwezi wa tatu mwaka huu, wawili tu. Lambo ni lilelile. Nililiangalia lile daftari nikaona wivu juu ya daftari, halafu wivu ukaondoka, na kilichobaki sikipendi kukisema. Nitakisema hata hivyo.

Zipora, mwanangu, nimekuona pale safu ya tatu. Usisimame. Mwaka jana ulitolewa bwenini kwa machela, ukalazwa wiki tano, ukarudia kidato cha pili wakati wenzako wanasonga mbele. Mama yako alipokuja kukuchukua nilimpa uji, akanishukuru akaniambia wabeja, mayu. Daktari hakusema ni mimi. Lakini pia hakusema si mimi. Nakuomba msamaha leo, na mama yako nitamfuata kwake Jumatatu, kwa miguu yangu, sitamtuma mtu.

Sasa nieleze kwa nini Asteria anaondoka. Tumeambiwa hapa kwamba amepata kazi kwenye jiko la kambi ya mgodi, kwamba mshahara ni mzuri, kwamba ni maendeleo. Yote kweli. Lakini hakuitafuta kazi ile mpaka mwezi wa saba. Mwezi wa sita nilikuwa sokoni Bugarama, mama muuza nyanya akaniuliza habari za mgongo. Nikamjibu, "Mgongo haujambo. Ila siku hizi mwiko una wenyewe." Sikusema zaidi ya hapo. Nilichagua nyanya zangu nikaondoka, nikijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Penye wengi pana mengi. Lilipofika kwenye kikao cha wazazi mwezi wa saba, neno langu lilikuwa limeota miguu na pembe. Ikawa Asteria amemhonga mkuu wa shule. Ikawa amenitilia kitu kwenye chai mgongo ukafa. Mzazi mmoja alisimama, hapahapa, akasema binti wa mjini amemtoa mama yetu jikoni kama anavyotolewa mbwa, na mkapiga makofi. Asteria alikuwa nyuma anamimina chai. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili mnyamaze wote, na neno hilo lilikuwa kwenye karatasi yangu. Mkanigeukia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Akaendelea kumimina chai. Hakumwaga hata tone. Hata ukimya ule niliuonea wivu, kwa sababu najijua: ingekuwa mimi ndiye ninayeijua siri yake, wilaya nzima ingekuwa imeisikia kabla uji wa asubuhi haujaiva.

Kwa hiyo msikie sasa kutoka kwa mwenyewe. Asteria hakunitoa jikoni. Nilitolewa na tumbo langu, na kiburi changu, na kadi iliyokuwa ya Esta. Hakuna mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Binti huyu amebeba jina baya miezi minne ili mimi nisibebe jina la ugonjwa hata siku moja, na mimi nilimwacha abebe, na kila Jumapili nilipita mbele yake kwenda kupokea komunyo.

Najua ninachokipoteza. Mzee Boaz amesema hapa nusu saa iliyopita kwamba Asteria akiondoka, mwiko unarudi kwa mwenyewe, na mkanipigia makofi marefu. Nilikuwa nimeyasubiri makofi yale miezi saba. Sasa nayarudisha. Majibu yangu mawili yamerudi safi, la tatu linatoka wiki ijayo. Lakini hata likiwa safi, ninyi wazazi ndio mtakaoamua kama mnataka mkono huu kwenye chakula cha binti zenu, na mkisema hapana, sitasema nimeonewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikaribia kumuumbua mtoto wa mtu mwingine.

Asteria, sitakuomba ubaki. Ukibaki, nitaendelea kukuonea wivu, na nimebakiza miaka mitatu tu nistaafu, sina nguvu hizo. Nenda. Kule kambini kuna wanaume wanaotoka chini ya ardhi na mikono ambayo hata wao hawaitambui, wafundishe kunawa. Ila uende na jina lako, na hawa wote wamesikia kwamba nimelirudisha.

Na nimerudisha kitu kingine. Wiki iliyopita nililivunja lile rundo la kuni mpaka chini, nikavipata. Esta amevichemsha asubuhi hii, akavifunga kwenye kitambaa hiki cheupe, na mimi nimeshika kitambaa tu. Uzi mwekundu umefifia kidogo kwa vumbi la kuni lakini bado upo.

Wageni wetu, pilau ile mnayoisikia harufu yake, na kachumbari, wamepika Esta na Marwa. Kadi zao ziko ukutani na safari hii kila kadi ni ya mwenye jina lake. Mimi sijagusa kitu, kwa hiyo kuleni bila wasiwasi. Lakini mnajua desturi ya jiko letu: hapa hali mtu mpaka mpishi mkuu aonje. Desturi hiyo sitaivunja leo.

Njoo, ng'wanawane, mwanangu, upokee vijiko vyako. Kisicho na uzi sufuriani, chenye uzi mdomoni, nimekumbuka, unaona. Nenda pale kwenye sufuria, uonje, utuambie. Mimi nitakusubiri hapahapa na wivu wangu.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mkiwa na njaa. Sasa naomba tukae kimya. Mpishi mkuu anaonja.